Maktaba ni bure kweli, na dawati la nasaba ni la kwenu pia

Kila nikiwaambia Waswahili wenzangu huku Marekani kwamba nafanya kazi maktaba ya umma, upande wa nasaba, yaani kutafuta ukoo na mababu, swali la kwanza ni lile lile: ni bure kweli au watakuja kunikata baadae? Jamani ni bure, ila tuseme ukweli, ushalipa tayari. Maktaba nyingi huku zinaendeshwa kwa kodi ya nyumba na ardhi inayokusanywa na mji au kaunti, na hata kama umepanga, mwenye nyumba anaitoa humo humo kwenye kodi unayompa kila mwezi, kwa hiyo ukipita nje ya lile jengo miaka yote bila kuingia unawalipia wenzio tu.

Madarasa ya watu wazima yapo, ila sitayaongelea sana. Kuna Kiingereza cha mazungumzo, watu wanakaa duara na mtu wa kujitolea wanapiga stori, ukikosa wiki hii unakuja ijayo na hamna anayekufokea. Kuna kompyuta, kuandika sivii, maandalizi ya mtihani wa uraia. Kuhusu kadi, maktaba nyingi zinataka kitambulisho na kitu chenye anwani yako basi, habari za vibali vya uhamiaji hawaulizi. GED ndo muwe macho nayo, ile ya kumalizia sekondari ukubwani yenye masomo manne (hesabu, Kiingereza, sayansi, maarifa ya jamii), maana darasa ni bure ila mtihani wenyewe kwa kawaida unalipiwa na wengi wanashtukia dakika za mwisho. Uliza mapema, kuna majimbo yanasaidia ada. Klabu nazo zipo, za kufuma, za chess, za vitabu, na kwenye hizo za vitabu maktaba nyingi zina begi zima lenye nakala kadhaa za kitabu kimoja mnaloazima kama kikundi, so kina mama wa kikoba mnaweza kuanzisha yenu sebuleni.

Sasa nasaba. Hapa ndo watu wetu wananiambia hayo mambo ya wazungu kutafuta mababu zao kwenye meli. Hapana bwana. Wanaokomaa zaidi kwenye meza yangu ni Wamarekani weusi, na ukiona kazi yao utaacha kulalamika. Sensa ya huku imefanyika kila miaka 10 tangu 1790, ila ile ya 1870 ndo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu waliotoka utumwani. Ukirudi nyuma, 1860 na 1850, kuna orodha za watumwa zenye jina la mmiliki, halafu chini yake mstari wa umri, jinsia na rangi, majina hamna isipokuwa kwa nadra sana. Kwa hiyo mtu anafika 1870 anagonga ukuta, inabidi amtafute yule mmiliki, wosia wake, madeni yake mahakamani, au karatasi za Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali iliyoundwa 1865 kuwasaidia waliotoka utumwani, aone kama kuna mahali popote bibi yake kaandikwa jina. Na kama ni mtu wa 1890, pole sana, sensa ile sehemu kubwa iliharibika kwa moto na maji ya kuuzima Washington mwaka 1921, na mabaki karibu yote yakaja kuteketezwa baadaye.

Vifaa vyenyewe, yaani tovuti za kumbukumbu za ukoo, viko hivi. Ancestry toleo la maktaba ni bure lakini kwa kawaida lazima ukae ndani ya jengo, HeritageQuest unaweza kuifungua nyumbani kwa namba ya kadi kama maktaba yako inailipia, na FamilySearch ni bure popote ila kuna picha za madaftari zimefungwa na zinafunguka ukiwa kwenye maktaba iliyosajiliwa nao, ndo maana ukihangaika nyumbani huoni kitu ukija kwetu unaona.

Ila wewe uliyeingia juzi kutoka Kigoma, Mombasa au Bukavu, sensa haikusaidii. Majina yanafichwa miaka 72, ya 1950 ndo ilifunguliwa 2022, ya 1960 mpaka 2032, na hata hivyo babu yako hakuwepo. Unachokuja kuchukua kwetu ni namna ya kufanya: anza na wewe mwenyewe, rudi kizazi kimoja kimoja, usiruke, na kila jina andika nani kakwambia na lini. Basi. Halafu unapiga simu nyumbani, na rekoda iwe inaenda.

Na ukishamwamkia mzee, mkashajuliana hali, usianze na "babu ulizaliwa mwaka gani", utapewa mwaka wa kwenye kitambulisho ambao karani alibuni. Uliza kwa matukio. Ulikuwa umeshaota ndevu Uhuru unaingia? Mapinduzi yalikukuta wapi? Mama alikuwa kashaolewa wakati wa vita vya Amini? Kwa Watanzania uliza na Operesheni Vijiji, miaka ile ya 1973 hadi 1976 watu walihamishwa kwa mamilioni, kwa hiyo kijiji anachokitaja leo huenda sio alikozaliwa, muulize makaburi ya wazazi wake yako wapi, hapo ndo utapata jibu. Kama familia ni Wakatoliki tafuta parokia aliyobatizwa, kwa sababu daftari la ubatizo huwa na majina ya wazazi na msimamizi, na kipaimara na ndoa vinatakiwa kuongezwa pale pale pembeni hata kama alifungia ndoa parokia nyingine, yaani ukurasa mmoja unaweza kukupa maisha ya mtu.

Kitu kingine kinachonikera ni tarehe 1 Januari. Ndugu zetu waliopitia kambi za wakimbizi, Nyarugusu kule Kigoma na kwingine, unakuta baba, mama na watoto wote wamezaliwa 1 Januari kwa sababu fomu ilitaka tarehe na hamna aliyekuwa na cheti. Ukiingiza kwenye mti wa familia hivyo hivyo, mjukuu wako 2090 atadhani ni kosa la kompyuta. Andika mwaka wa kukadiria, kisha kwenye maelezo weka kwamba hiyo ni tarehe ya makaratasi tu. Na yule mama mkubwa aliyekulea muweke pia hata programu iking'ang'ania mzazi wa damu, nyingi zina sehemu ya mlezi, ukiikosa weka kwenye maelezo.

Picha za zamani zilete uskani, sio kuzipiga na simu chini ya taa. Weka 600 dpi (kipimo cha ukali wa picha), hifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora, na nyuma ya picha kama kuna maandishi skani nayo, majina mengi yanapatikana huko. Maktaba kadhaa zina pia mashine ya kuhamishia kanda za VHS kwenye faili za kompyuta, na kanda za harusi za miaka ya 90 ndo za kuwahi kwanza kwa sababu utepe unachakaa hata kama hauchezwi. Buku mapema, Jumamosi hiyo mashine haipatikani kirahisi.