Jirani Mwenye Skizofrenia: Aibu Yetu Inavyomcheleweshea Tiba

Mama mmoja aliwahi kunisubiri kliniki mpaka wagonjwa wote walipokwisha. Mwanawe, kijana wa miaka 21, alikuwa na alama za kamba kwenye viwiko. Hakuniuliza anaumwa nini. Aliniomba nimwandikie kwenye kadi kliniki nyingine, hata ya macho. "Daktari, vijana wa kijiweni wakiiona hii kadi, mwanangu hapati mchumba." Kijana alikuwa anasikia sauti kwa mwaka wa pili.

Miaka hiyo miwili ndiyo inayoniuma, kwa sababu mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, akikaa muda mrefu bila dawa, nafuu yake nayo huwa ngumu kupatikana. Na hospitali haikuwa mbali na kwao. Alipelekwa kwa mganga, akapelekwa kwenye maombi, mwisho akafungiwa chumba cha uani, majirani wasijue.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 23 wana ugonjwa huu, yaani mtu 1 kati ya 345. Kwa wengi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, na huanza kimya: kijana anaacha kuoga, anajitenga, halali, maneno yake hayashikani. Nyumbani wanasema kawa mvivu, au ni bangi. Ni kweli bangi huongeza hatari, hasa ikianzwa katika umri wa kubalehe, lakini wapo wengi wanaougua bila kuigusa. Sauti zikija, mgonjwa hazibuni. Anazisikia kama unavyomsikia mtu aliyeketi pembeni yako, na mara nyingi zinamtukana.

Hapa Tanzania tukitaka kumtania mtu tunasema "huyu wa Mirembe". Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, inatibu watu tangu miaka ya 1920, nasi jina lake tumeligeuza tusi. Sasa mfikirie aliyeruhusiwa kutoka huko, anashuka stendi na barua ya rufaa mfukoni. Anaona haya kuionyesha kwenye zahanati ya mtaani kwao, dawa zinakwisha, sauti zinarudi. Majirani wanasema, "Si tulisema haponi?" Aliyemrudisha kitandani ni nani, kama si maneno yetu?

Kuhusu fujo, niseme wazi. Mgonjwa asiyetibiwa, hasa akitumia pombe au dawa za kulevya, anaweza kuwa hatari. Lakini walio wengi hawamdhuru mtu. Wao ndio wanaopigwa mawe, kuibiwa na kubakwa. Na kwenye posa, wazee wanaoulizia "ukoo huo hauna kichaa?" wajue kwamba hata mzazi mmoja akiwa na skizofrenia, takriban watoto 9 kati ya 10 hawaupati.

Kuna jambo jingine linalotupotezea wagonjwa wengi. Haloperidoli, moja ya dawa za ugonjwa huu, inaweza kukakamaza mwili, mikono ikatetemeka, mate yakatoka. Watu wakimwona hivyo husema dawa za hospitali zimempumbaza, familia inaziacha. Hayo ni maudhi ya dawa, siyo ugonjwa kuzidi. Mrudisheni tupunguze dozi, tubadilishe dawa au tuongeze ya kutuliza maudhi hayo. Anayetaka kumwombea na amwombee, mimi sina ugomvi na sala. Ninachoomba ni dawa zisikatwe. Angalau mgonjwa 1 kati ya 3 hupona kabisa, na wengine wengi hufanya kazi na kulea watoto huku wakiendelea na tiba.

Ukikutana na anayezungumza na sauti, usimcheke wala usibishane naye kama sauti zipo au hazipo. Mwite kwa jina lake. Muulize kama amelala, kama amekula, na nani atampeleka kliniki.

Kadi ya yule kijana niliiandika kama inavyotakiwa, mama yake akaikunjia kwenye ncha ya khanga. Sasa kijana anachomwa sindano ya dawa kila baada ya wiki nne, na anayemleta ni bodaboda wa kijiwe kilekile alichokiogopa mama.