Hekta ya Brazili si hekta ya Indonesia

Kila nikionyesha grafu zangu, swali ni lile lile: kati ya Brazili na Indonesia, nani anatoa gesijoto nyingi zaidi kwa kufyeka misitu? Nami huuliza: mwaka gani, na chini ya miti hiyo kuna nini?

Brazili haisumbui sana. INPE, taasisi yao ya utafiti wa anga, imepima ukataji wa Amazon kwa setilaiti tangu 1988, na takwimu ziko wazi. Mwaka 2004 zilifyekwa kilomita za mraba 27,772. 2012 zikashuka hadi 4,571. 2021 zikapanda tena kupita 13,000. Gesi hufuata mstari huo kwa karibu. Msitu unakatwa, unachomwa, ng'ombe wanaingia, na hewa ukaa nyingi imeshatoka. Magogo na mizizi hutoa iliyobaki yakioza.

Indonesia ukiifuata kwa mstari wa ukataji pekee, umepotea. Sehemu kubwa ya misitu ya Sumatra na Kalimantan imeota juu ya peti: masalia ya mimea yaliyozama majini maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa, mahali pengine kwa kina cha mita kumi. Ukiifinya, maji ya rangi ya chai ya rangi huchuruzika vidoleni. (Kufinya huko ni kipimo halali kabisa, yakizidi kuwa meusi na mazito, ujue imeoza zaidi.) Ili kupanda michikichi, watu huchimba mifereji na kuikausha peti. Hewa ikishaingia, peti inaanza kuoza, na itaoza hadi iishe au maji yarudishwe.

Tupige hesabu. Tuseme hekta moja ya Amazon ina tani 150 za kaboni. Zidisha kwa 3.67, maana kila tani ya kaboni huwa tani 3.67 za hewa ukaa, unapata kama tani 550, basi. Hekta ya michikichi juu ya peti iliyokaushwa, kwa viwango vya 2013 vya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, hupoteza tani 11 za kaboni kila mwaka, yaani kama 40 za hewa ukaa. Mwaka wa 14 imeshaipita ile ya Amazon. Michikichi ikikaa miaka 25, ni tani 1,000, na miti iliyokatwa mwanzoni sijaigusa.

Bado moto. Mwaka 1996 serikali ya Suharto, rais wa Indonesia wakati huo, ilianza kukausha karibu hekta milioni moja Kalimantan ya Kati ili walime mpunga. Mpunga ukashindwa, mifereji ikabaki, na El Niño ya 1997, ambayo huko huleta ukame, ikakuta peti kavu, moto ukashika. Mwaka 2015 nchi nzima iliungua kama hekta milioni 2.6. Ndiyo maana grafu ya Indonesia ina vilele vya ghafla hata ukataji usipopanda.

Kuna jambo la kihasibu pia, nalo huniudhi. Katika ripoti yake rasmi, Brazili huondoa kwenye jumla ya gesi zake hewa ukaa inayofyonzwa na misitu ya hifadhi na ya wenyeji asilia. Modeli nyingi za kisayansi hazifanyi hivyo. Ukichukua namba ya Brazili kwenye ripoti na ya Indonesia kwenye modeli, umelinganisha debe na kibaba.

Siku hizi wenzangu wa Kongo wananiuliza kuhusu Cuvette Centrale, bonde la kati la mto Kongo, ambako ramani ya 2017 ilionyesha peti yenye kaboni kama tani bilioni 30. Kabla ya kuuliza miti mingapi imekatwa huko, mimi huuliza kama kuna aliyekwisha kuchimba mfereji.