Kibao cha barabarani cha "Drive slow" hakina kosa

Wengi tulifundishwa shuleni kwamba "slow" ni kivumishi tu, na kwamba anayesema "drive slow" badala ya "drive slowly" amekosea Kiingereza. Sivyo. "Slow" ni kielezi pia, tena cha zamani. Katika tamthilia ya Shakespeare, A Midsummer Night's Dream, Theseus analalamika "how slow this old moon wanes", yaani mwezi huu mkongwe unapungua polepole mno.

Katika Kiingereza cha kale vielezi vingi viliishia na -e. Irabu hiyo ilipodondoka, kielezi kikabaki kufanana na kivumishi. Karne ya 18 wanasarufi, akiwemo Robert Lowth mwaka 1762, wakaukemea mtindo huo wa kutumia kielezi kisicho na -ly. Ajabu ni kwamba "fast" ina historia ileile, na hakuna anayedai tuseme "fastly"!

Mipaka ipo. Ukiacha "how slow" na mfano wake, "slow" hukaa baada ya kitenzi, hasa cha mwendo kama "go" na "drive". Kabla ya kitenzi, tumia "slowly": "she slowly opened the door". Kwenye mtihani pia andika "slowly". Msahihishaji huenda bado anaamini alichofundishwa.