Mbio za boom: kukimbia juu ya magogo yanayoelea

Magogo yamefungwa minyororo ncha kwa ncha, yakawa mstari mmoja unaoelea kutoka gati hili hadi lile. Mkimbiaji anaruka juu ya gogo la kwanza, anakimbia hadi ng'ambo, anageuka na kurudi alikotoka. Kando yake, kwenye mstari wa pili, mpinzani naye yuko mbioni. Wa kwanza kurudi ameshinda. Anayetumbukia hupanda tena juu ya gogo na kuendelea, akilowa chapachapa. Wenyewe Wamarekani huuita mchezo huu boom run.

Neno boom lilitoka kwa Waholanzi, ambao kwao ni mti au boriti. Kwa wakata magogo wa Amerika Kaskazini, boom ni ule mstari wenyewe wa magogo yaliyoungwa, na kazi yake ilikuwa kuzuia. Msomaji wa Kiswahili atalikumbuka boma, na ingawa maneno haya yamekutana kwa sauti tu, sijapata tafsiri nzuri kuliko hiyo: lilikuwa boma la majini, na mifugo iliyofungiwa ndani ni magogo.

Katika karne ya 19, misonobari ya majimbo ya Marekani ya Maine, Wisconsin na Minnesota ilikatwa wakati wa baridi, ikaburutwa kwa sleji, yaani gari la kuteleza lisilo na magurudumu, juu ya barafu hadi kando ya mto. Barafu ilipoyeyuka na mto kufurika, magogo yalisukumiwa majini yateremke yenyewe hadi kwenye viwanda vya kupasua mbao. Yalikuwa ya kampuni nyingi, yamechanganyika, kila moja limegongwa alama ya mwenyewe kwenye ncha kwa nyundo, sawa na ng'ombe wa chapa. Boom iliyanasa ili yachambuliwe. Ile ya mto St. Croix, karibu na Stillwater huko Minnesota, ilifanya kazi hiyo tangu 1856 hadi 1914.

Watu waliochambua hawakuwa na njia nyingine ya kupita ila juu ya magogo hayohayo. Walivaa buti zenye njumu za chuma, mkononi wameshika upondo wenye ncha kali na ndoano, na maji chini yao yalikuwa ya barafu iliyoyeyuka juzi. Kuteleza katikati ya magogo yanayosukumana kuliweza kuwa mwisho wa mtu. Vijana wenye miguu myepesi walianza kushindana, kama vijana wa kazi yoyote ile.

Ugumu wenyewe uko wapi? Mnyororo umeshika ncha tu, kwa hiyo kila gogo liko huru kujizungusha. Ukikanyaga pembeni kidogo ya mgongo wake, linaanza kuviringika, na ukisita kutafuta mizani linaviringika zaidi. Uzito wako nao unalizamisha. Dawa ni kutokaa: hatua fupi za harakaharaka, magoti yamekunjwa kidogo, macho yako mbele badala ya kwenye vidole, na mguu umeshaondoka kabla gogo halijajibu. Mwoga anayetembea kwa uangalifu ndiye huanguka mapema. Kisha kuna safari ya kurudi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mchezo wenyewe: magogo uliyoyakuta yametulia sasa yanazunguka na kuyumba kwa vishindo vya miguu yako mwenyewe. Hata hivyo mabingwa huenda na kurudi kwa chini ya sekunde 20.

Wengi huuchanganya na ule mchezo mwingine ambapo watu wawili husimama juu ya gogo moja na kulizungusha kwa miguu hadi mmoja adondoke. Ni ndugu, lakini kule hakuna anayekwenda popote.

Magogo hayateremshwi tena mitoni namna ile. Mto Kennebec wa Maine uliyapitisha kwa mara ya mwisho mwaka 1976. Mbio zimebaki. Mashindano makubwa ya dunia ya wakata magogo, yaliyoanzishwa na Tony Wise mwaka 1960, hufanyika majira ya joto katika mji wa Hayward, Wisconsin, na wanawake hukimbia pia. Watazamaji huketi kuzunguka ghuba ndogo ya ziwa ambamo zamani kampuni ya mbao ilihifadhi magogo yake yakisubiri msumeno.