Siku dagaa wasipokauka

Swali hili niliulizwa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, mwishoni mwa mwezi wa tisa. Nilikwenda kununua sato, nikasimama kumwamkia mama mmoja anayeanika dagaa, mtu mzima wa kumwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Alipojua kazi yangu ni hali ya hewa, akaniwekea ndoo nikae.

"Mwanangu, wewe unayesoma mawingu, hebu niambie. Jana jua lilikuwa la kawaida tu, dagaa wakakauka mapema. Leo jua linachoma mpaka utosini, na dagaa wamelala vilevile nilivyowamwaga asubuhi. Kwa nini?"

Nikamwambia hewa ya leo imeshiba maji. Dagaa wanataka kutoa maji yao, lakini hewa haina pa kuyaweka. Akanyamaza kidogo, akajifuta shingo kwa upindo wa kanga, akasema: "Ndiyo maana hata jasho langu halikauki."

Nimepima hewa kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimehudhuria mikutano mingi kuhusu joto kali. Sijasikia mtu akiieleza hatari yake kwa ufupi na kwa usahihi kama mama yule.

Mwili wa binadamu ni jiko lisilozimwa. Hata ukilala unatengeneza joto, na joto hilo lazima litoke ili ndani pabaki karibu nyuzi 37 za Selsiasi. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, joto linatoka lenyewe. Hewa ikifika nyuzi 35 hivi, sawa na ngozi, njia hiyo imefungwa, na inabaki moja tu, yaani jasho. Watu wengi hudhani jasho linapoza kwa kutoka. Linapoza kwa kukauka. Tone linaloanguka chini bila kukauka ni maji na chumvi vilivyopotea bure. Lakini lile linalokauka lina nguvu ya ajabu: kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula joto zaidi ya mara sita ya lile la kuyapasha maji hayo toka ubaridi wa mtungini hadi yatokote.

Kituoni kwetu kuna kibanda cheupe cha mbao, na ndani yake vipimajoto viwili vimesimama pamoja. Kimoja ni kikavu. Cha pili ncha yake imevishwa kitambaa cha pamba kinachonyonya maji. Kitambaa kinapokauka, kinaipoza ncha kama jasho linavyoipoza ngozi. Kipimajoto cha kwanza ndicho kinachotangazwa redioni. Cha pili ndicho kinachojibu swali la mayu. Siku ya nyuzi 38 yenye unyevunyevu wa asilimia 20, kile cha kitambaa kinasoma karibu 21, na dagaa wanakauka vizuri. Siku ya nyuzi 32 tu, lakini unyevunyevu ni asilimia 80, kinasoma karibu 29. Siku hii ya pili, ambayo redioni inasikika kuwa nafuu, ndiyo inayomwelemea mtu aliyebeba zege.

Kwa muda mrefu wanasayansi waliuweka mpaka wa uhai kwenye nyuzi 35 za kipimajoto cha kitambaa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwaweka vijana wenye afya njema kwenye chumba chenye joto na unyevunyevu. Miili ya vijana hao ilianza kushindwa kujipoza karibu nyuzi 31 za kipimajoto hicho. Hao ni vijana, na walikuwa wakifanya shughuli nyepesi. Mzee, mtoto mchanga, mjamzito na mgonjwa wa moyo hawafiki hapo.

Wimbi la joto likipiga mahali, watu huulizia rekodi: ilifika ngapi? Mimi huuliza waliokufa walikuwa chumba gani.

Majira ya joto ya mwaka 2003 joto liliua zaidi ya watu 70,000 barani Ulaya, na karibu 15,000 kati yao walikuwa Ufaransa. Watafiti walipofuatilia vifo vya wazee wa Ufaransa, waligundua kwamba aliyelala ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa, alikuwa hatarini zaidi. Paa nyingi za Paris ni za zinki. Msomaji wa Mabatini au Igogo hapa Mwanza hahitaji nimweleze maana ya kulala chini ya chuma kilichoota jua mchana kutwa.

Chicago, Julai 1995, kipimajoto kilifika nyuzi 41 na hewa ilikuwa nzito kwa unyevunyevu. Vifo vilizidi vya kawaida kwa 739. Wengi walikuwa wazee walioishi peke yao, baadhi yao wakiwa wamefunga madirisha kwa kuwaogopa wahalifu. Ninapoifikia habari hiyo namkumbuka bibi yangu. Alikuwa akitoa mkeka nje usiku wa joto, tunalala uani wote mpaka umande utuamshe. Leo ukimwambia mtu wa mtaa ule alale nje na mlango wazi, atakuuliza kama wezi wamehama.

Mwaka 2021, tarehe 29 Juni, mji mdogo wa Lytton nchini Kanada ulifika nyuzi 49.6. Kesho yake moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji huo, na picha zake zikaenea duniani. Lakini watu 619 waliouawa na joto katika jimbo zima la British Columbia, karibu wote walikutwa na mauti wakiwa ndani ya nyumba. Nchi ya theluji ilijenga nyumba za kuhifadhi joto, na joto lilipokuja likahifadhiwa humo.

Ahmedabad, nchini India, walijifunza kwa uchungu. Mei 2010 joto lilifika nyuzi 46.8, na vifo vilizidi vya kawaida kwa zaidi ya 1,300. Hospitali moja ilikuwa na wodi ya watoto wachanga ghorofa ya juu, chini ya paa. Wakaihamishia chini, na watoto waliougua kwa joto wakapungua. Mwaka 2013 jiji likaanza mpango wake wa kukabiliana na joto: tahadhari mapema, maji mitaani, mafunzo kwa wahudumu wa afya, kisha paa za nyumba za watu wa kipato cha chini zikapakwa rangi nyeupe. Vitu vya bei ndogo. Nawaheshimu sana watu wa jiji lile.

Sasa nirudi kwetu. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo unatukinga na joto kama la Dar es Salaam. Nyuzi 40 hatuzijui. Kwa hiyo nikizungumzia joto, wenzangu husema tuna ziwa, upepo wa ziwa utatupoza. Mchana ni kweli, hasa kwa aliye karibu na ufuko. Ila ziwa hilohilo ndilo linaloishibisha hewa. Maji yanayopotea kwa mvuke kutoka Ziwa Victoria ni mengi kuliko yanayotoka Jinja kwenda Mto Nile. Ziwa lenyewe linatoka jasho, na jasho hilo linatufikia sisi. Kila hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi moja, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Na dunia inaongezeka joto: mwaka 2024, kwa hesabu za Shirika la Hali ya Hewa Duniani, wastani ulipita ule wa 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.55.

Halafu kuna miamba. Tunaisifu kwa uzuri wake, nami naipenda. Lakini jiwe la matale lenye ukubwa wa nyumba hunyonya jua tangu asubuhi na kulirudisha polepole giza likiingia. Pandisha kilima cha Bugarika au Igogo saa nne usiku, weka kiganja kwenye mwamba ulio nyuma ya nyumba ya mtu, utausikia bado una uvuguvugu. Nyumba hiyo ina bati bila dari, dirisha moja linalotazama jiwe, na watu watano ndani, kila mmoja akiwa jiko lake. Mwili uliochoka kwa jua la mchana hutegemea usiku upumzike, moyo upunguze mbio. Usiku usipopoa, kesho unaanza na deni la jana. Siku ya tatu na ya nne ndipo wazee huanza kuanguka.

Na mchana wapo wanawake wanaoponda kokoto kwenye miamba hiyohiyo, jua juu, jiwe la moto chini, mtoto kando chini ya mwavuli. Kazi hiyo ingeanza alfajiri na kusimama saa tano mpaka saa tisa, ingekuwa kazi nyingine kabisa. Wanaolipwa kwa ndoo hawawezi kuamua hivyo peke yao. Anayenunua kokoto anaweza.

Ukimwona mtu kwenye joto anaongea maneno yasiyoeleweka, anayumba, au amezimia na mwili unawaka, usimwambie apumzike kivulini basi. Joto la ndani linaweza kuwa limepita nyuzi 40, na ubongo unaumia. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, mtafute usafiri wa hospitali huku mkiendelea kummwagia. Asiye na fahamu msimnyweshe chochote.

Kibanda chetu cha vipimajoto kipo mahali pa wazi, juu ya nyasi, vipimajoto vikiwa kivulini mwake, upepo unapita, na ndivyo kanuni za dunia zinavyotaka. Ni sahihi kwa utabiri, lakini hakuna mtu anayelala pale. Ndiyo maana ninaomba msaada wenu. Nunua vipimajoto viwili vya kawaida. Kimoja kiache kikavu, cha pili kifunge ncha kwa kipande safi cha fulana ya pamba, kichovye maji, kipepee kwa kipande cha boksi dakika tatu au nne hadi namba iache kushuka. Pima chumbani unapolala, si sebuleni, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Andika namba zote mbili, mtaa, aina ya paa, na kama kuna dari au mwamba karibu. Anza Septemba, kabla ya vuli, uendelee mpaka mvua zishike. Nitumie daftari lako likijaa, hata kwa picha ya simu.

La kwanza ninalo tayari. Mayu wa Mwaloni amekitundika kipimajoto chake cha kitambaa kwenye mguu wa chanja, na mjukuu wake ndiye anayeandika.