Kabla ya kuuliza gari linabeba magunia mangapi

Wateja wanaoleta pikapu na Noah katika karakana yetu hapa Uyole, Mbeya, huniuliza swali moja kwa namna nyingi: gari hili linabeba magunia mangapi? Swali hilo halina jibu la uhakika, kwanza kwa sababu gunia si kipimo cha uzito. Gunia la viazi la lumbesa kutoka Umalila au Isongole huzidi kilo 100 kwa kadiri ya ustadi wa aliyelifunga, na mbao za paini zilizopasuliwa juzi kule Mafinga, zikiwa bado mbichi, zinaweza kukaribia mara mbili ya uzito wa mbao hizohizo zikishakauka. Sababu ya pili ndiyo ninayotaka kuieleza hapa: uzito wote huishia kwenye ekseli, yaani mihimili inayobeba magurudumu, na kila ekseli ina hesabu yake.

Chukua pikapu ambayo umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 3. Ukiweka kilo 500 juu kabisa ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo hupokea kilo 500, na ile ya mbele haipati wala haipotezi kitu. Ukizisogeza kilo hizohizo mita 1 nyuma zaidi, pale watu wanaposhusha mlango wa bodi na kupanga magunia juu yake, ekseli ya nyuma hupokea takriban kilo 667, huku ile ya mbele ikinyanyuliwa kwa kilo 167. Mzigo haukuongezeka hata kilo moja, lakini magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoelekeza gari na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha, yamepungukiwa na mshiko. Dereva husikia usukani umekuwa mwepesi na hufurahi, hasa akitoka shambani na njia ikiwa ya matope. Mimi wepesi huo huuogopa. Usiku, taa za gari hilo hupanda na kuwamulika usoni wanaokuja mbele.

Kwa hiyo mzigo mzito uanzie nyuma ya kabini, chini, umekaza dhidi ya ukuta wa bodi, na mwepesi ukae juu. Turubai huzuia mvua tu. Kinachozuia mzigo usiteleze ni kamba au mikanda iliyofungwa kwenye chuma cha bodi, na inafaa kukazwa tena baada ya kilomita chache, kwa kuwa magunia hushuka na kujipanga yenyewe. Wengine hukimbilia kuongeza majani ya springi. Hilo huinua gari tu, kwani breki, beringi na tairi hubaki zilezile. Tairi yenyewe hutamka ukomo wake: iliyoandikwa 195R15C 106/104 hubeba kilo 950 ikikaa peke yake na kilo 900 ikifungwa mbilimbili, ikiwa imejazwa upepo unaotakiwa.

Magari makubwa yana mizani ya kuyakumbusha, hapa Uyole, Makambako na Wenda. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019, huyahusu magari ya tani 3.5 na kuendelea, na hutazama kila ekseli pamoja na uzito wa jumla: ekseli moja yenye tairi nne isizidi tani 10, na gari zima lisizidi tani 56. Lori linaweza kuwa chini ya uzito wa jumla na bado likakamatwa kwa ekseli moja iliyopakiwa vibaya.

Tela hufuata hesabu hiyohiyo. Karibu asilimia 10 ya uzito wake ikae kwenye ndoano ya gari linalovuta; ikipungua sana kwa sababu mzigo umerundikwa nyuma, tela huanza kuyumba huku na huku mara mwendo unapoongezeka. Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani bila kupigana nao, na usikanyage breki kwa nguvu. Minyororo ya akiba ipite kwa kukingamana chini ya shingo ya tela. Kwa pikapu nyingi, kitabu cha gari huweka ukomo wa kilo 750 kwa tela lisilo na breki zake lenyewe, uzito wa tela ukiwa ndani yake.

Yote hayo hujaribiwa kwenye mteremko, nasi hatukukosa miteremko. Barabara ya Uyole hupanda zaidi ya mita 2,000 kisha huishia Kyela, kwenye mita 500 hivi. Gari la tani 3 likishuka mita 1,500 hulazimika kutoa nishati ya kiasi cha megajuli 44, zinazotosha kuchemsha takriban madumu saba ya maji ya lita 20. Upepo na msuguano wa tairi huchukua sehemu. Inayobaki itapotelea kwenye injini au kwenye breki. Ndiyo maana nasisitiza gia ndogo, ile ambayo ungeitumia kupandia palepale au iliyo chini yake. Kuteremka na nyutro ili kuokoa mafuta ni hesabu mbovu, kwa sababu injini za kisasa hukata mafuta zenyewe gari likiwa kwenye gia na mguu umeachia. Kuzima injini ni kubaya zaidi, kwani breki hupoteza msaada wake na usukani huwa mzito.

Kinachosahauliwa na karibu kila mteja ni mafuta ya breki. Hunyonya unyevu kidogo kidogo, nasi huku hatukosi ukungu. Kwa kiwango cha DOT 3, mafuta mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji ukomo huo hushuka hadi nyuzi 140, joto ambalo breki za gari lililolemewa hulifikia kwa urahisi. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama hadi chini ingawa pedi bado ni nzima. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi, kabla ya safari, na pedi zikaguliwe kabla ya msimu wa mavuno. Nati za gurudumu lililofunguliwa zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa spana na si kwa kupiga teke, hata kama aliyezifunga ni mimi.