Insulini Haibebi Sukari: Dhana Potofu Kuhusu Mawasiliano Ndani ya Seli

Kwenye mabenchi ya kliniki za sukari, Mbeya mjini au Iringa, maelezo yanayopita kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine ni haya: insulini ni ufunguo, inafungua seli, inaingia na sukari. Mfano wa ufunguo umewasaidia wengi kuanza kuelewa, na mimi ninayefundisha baiolojia siupigi vita. Shida ni kuishia hapo, kwa sababu jambo kubwa linaanza baada ya insulini kugusa seli. Kisukari, kipindupindu, pumu na rovu, maradhi tunayoyajua vizuri huku Nyanda za Juu Kusini, yana sehemu kubwa ya siri yake hapo katikati, kati ya ujumbe kufika na seli kutenda.

Dhana: Insulini inaingia ndani ya seli ikiwa imebeba sukari

Insulini haihitaji kuvuka utando wa seli ili ifanye kazi. Inanata kwenye kipokezi, yaani protini iliyopenya utando, kichwa kikiwa nje na mkia ndani. Ikinata, umbo la kipokezi kizima linabadilika, na mikia yake ya ndani inaanza kubandikana fosfati. Fosfati ni kitu kidogo sana, lakini ikikaa mahali pake protini hujikunja upya. Protini nyingine zilizokuwa zinapita tu zinavutwa, zinashika, nazo zinabandikwa au zinabandika fosfati kwa zinazofuata. Hatua kwa hatua habari inafikia vifuko vidogo vilivyotulia ndani ya seli ya msuli au ya mafuta. Kuta za vifuko hivyo zina vipitishio vya glukosi vya aina iitwayo GLUT4. Vifuko vinasogea hadi kwenye utando na kuungana nao, vipitishio vinatokeza nje, sukari inapita. Yote hayo huchukua dakika chache tu. Insulini ikipungua kwenye damu, vipitishio vinarudishwa ndani.

Angalia kwamba hakuna kitu kimoja kilichosafiri kutoka damuni hadi kwenye vile vifuko. Ni badiliko la umbo lililopokezwa kutoka protini hadi protini. Baadaye seli humeza baadhi ya vipokezi pamoja na insulini iliyonata, lakini wakati huo ujumbe umeshapita, na insulini hiyo kwa sehemu kubwa inaenda kuvunjwavunjwa.

Ukilielewa hilo, kisukari cha aina ya pili kinaacha kuwa fumbo. Mgonjwa anaelezwa kwamba mwili wake unatengeneza insulini, pengine nyingi kuliko ya jirani yake asiyeumwa, na bado sukari iko juu. Anaona kama daktari anajichanganya. Hajichanganyi. Insulini ipo na vipokezi vipo, ila mfuatano wa ndani umedhoofu, hasa mafuta yanapojaa kwenye misuli na ini. Ini lenyewe halisubiri insulini ili lipokee sukari. Kwake ujumbe wa insulini ni kuacha kumwaga sukari kwenye damu. Ini likipuuza ujumbe huo, linaendelea kumwaga usiku kucha, na mtu aliyelala bila hata tonge la ugali anaamka na sukari ya juu. Wangapi wamegombezwa nyumbani kwamba walikula kwa siri!

Habari njema ni kwamba msuli unaofanya kazi una njia yake ya pili. Unapojikunja, kama wakati wa kupalilia mahindi au kupanda mteremko kwa miguu, unasogeza GLUT4 bila kungoja insulini. Njia hiyo huwa bado nzima hata pale ile ya insulini imelegea. Ndiyo maana wauguzi wanasisitiza kutembea, na ndiyo maana anayechoma insulini asiende shamba bila kitu chenye sukari mfukoni, kwani njia mbili zikifanya kazi pamoja sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Dhana: Hayo ni nadharia tu, nani aliyeyaona?

Swali zuri, na wanafunzi wanaoliuliza ndio ninaowapenda. Miaka ya 1950, huko Marekani, Earl Sutherland na mwenzake Theodore Rall walisaga ini na kutenganisha tando za seli na majimaji ya ndani. Walipotia adrenalini kwenye majimaji peke yake, kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia, kinachohusika na kuvunja akiba ya sukari hakikushtuka. Wakaitia kwenye tando, wakachemsha, kisha wakachukua kilichobaki na kukichanganya na yale majimaji. Kimeng'enya kikaamka. Maana yake tando, zikiguswa na adrenalini, zinatengeneza kitu kidogo kisichoharibiwa na moto, na hicho ndicho kinachopeleka habari ndani. Kikaitwa saikliki AMP, mjumbe wa pili, na Sutherland akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1971. Kufumba macho na kukiri haikuhitajika. Ilihitajika sufuria, maji ya moto na akili iliyotulia.

Zipo homoni zinazoingia kweli. Kotisoli, estrojeni na thairoksini zinapita hadi ndani, zinashika vipokezi huko, na kugusa jeni moja kwa moja. Hizo ni familia nyingine, na kazi zake huchukua saa au siku, si sekunde.

Dhana: Ujumbe mmoja una maana moja mwilini

Asubuhi za Juni na Julai huko Makete na Njombe, baridi ikikamata, mwenye pumu anavuta salbutamoli. Kifua kinafunguka, lakini moyo unaenda mbio na vidole vinatetemeka. Hapo maneno yanaanza: dawa hii inaharibu moyo. Wengine wanaiacha, na kuiacha huko ndiko kunakohatarisha maisha.

Salbutamoli inaiga adrenalini. Kwenye msuli unaozunguka njia ya hewa, saikliki AMP inapanda na msuli unalegea. Kwenye moyo, saikliki AMP hiyo hiyo ikipanda, moyo unapiga kwa kasi na nguvu zaidi. Mjumbe ni mmoja, matokeo yanapingana. Tofauti haiko kwenye mjumbe bali kwenye protini anazozikuta. Katika seli ya njia ya hewa, fosfati inabandikwa kwenye mashine ya kukunja msuli na kuipunguza nguvu. Katika seli ya moyo, inabandikwa kwenye vipitishio vya kalsiamu vinavyoruhusu kalsiamu zaidi kuingia, na kalsiamu ndiyo inayokunja moyo. Dawa imelengwa kwa vipokezi vya mapafu, ila kidogo hufika kwingine. Mapigo yakizidi sana au kifua kikiuma, mwambie daktari. Usijiachishe dawa mwenyewe.

Dhana: Kiini cha seli ndicho kinachoamua kila kitu

Ukijikata kisu jikoni, zinazokuwa za kwanza kuitikia ni chembe sahani, na chembe sahani hazina kiini. Zinagusa ukuta wa mshipa uliochanika, kalsiamu inapanda ndani yake, zinabadilika umbo, zinatoa kemikali za kuita wenzake, damu inaganda. Maamuzi yote hayo yanafanywa na protini zilizokwishakuwepo. Aspirini ina athari ndefu kwake kwa sababu hiyo hiyo. Inaharibu kimeng'enya kimoja cha kupeleka ujumbe, na chembe isiyo na kiini haina namna ya kutengeneza kingine, hivyo inabaki hivyo hadi ife, kama siku 7 hadi 10.

Dhana: Kahawa inatia nguvu

Kahawa ya Mbozi ni tamu, na chai ya Rungwe na Mufindi hali kadhalika, lakini kafeini haina nishati ya kukupa. Ukiwa macho, adenosini inarundikana kwenye ubongo na kushika vipokezi vinavyoleta usingizi. Kafeini inakalia vipokezi hivyo bila kuviamsha, basi ujumbe wa uchovu haupiti. Uchovu wenyewe upo pale pale. Dereva wa lori anayepanda usiku kutoka Makambako kuelekea Tunduma na chupa ya kahawa pembeni anapaswa kulijua hilo.

Dhana: Kipindupindu kimeozesha utumbo, na maji yanazidisha kuharisha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu dhana hii inaua. Wilaya kama Kyela zimewahi kukumbwa na milipuko, na kila mara kuna wanaomnyima mgonjwa maji wakidhani wanamsaidia.

Kimelea cha kipindupindu hakitafuni utumbo wala hakiingii ndani ya seli zake. Kinakaa juu na kutoa sumu. Sumu hiyo ndiyo inayoingia, na inachokifanya ni kidogo cha kushangaza. Chini ya utando kuna protini ya G, inayopokea habari kutoka kwa kipokezi na kuamuru saikliki AMP itengenezwe. Kwa kawaida protini ya G hujizima yenyewe baada ya muda mfupi kwa kuvunja molekuli ya GTP iliyoishika. Sumu inabandika kipande cha kemikali mahali penye kazi hiyo ya kujizima. Basi. Protini inabaki imewaka. Saikliki AMP inapanda na kupanda, vipitishio vya kloridi vinafunguka, kloridi inamwagika ndani ya utumbo, sodiamu na maji vinafuata. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Utumbo wake haujachubuka. Unatii amri isiyokoma.

Lakini kuna njia ambayo sumu haikuigusa. Seli hizo hizo zina kipitishio kinachoingiza glukosi na sodiamu kwa pamoja, na vikiingia vinavuta maji. Ndiyo siri ya ORS, ule unga wa pakiti wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji na kunywewa. Sukari iliyomo si ya kumtia mgonjwa nguvu wala ladha, na bila hiyo chumvi isingeingia vizuri. Kama hakuna pakiti, lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mgonjwa anywe huku akikimbizwa kituo cha afya, hata kama bado anaharisha. Seli zilizotiwa sumu zitabanduka na kubadilishwa na mpya ndani ya siku chache. Kazi yetu ni kuhakikisha mtu anafika siku hizo.

Dhana: Rovu ni mkono wa mtu

Milimani Ukinga na kwingineko katika nyanda hizi, rovu lilikuwa jambo la kawaida kwa wazee wetu. Wengine walilaumu mzigo wa kichwani, wengine maji ya mto, wengine majirani.

Mvua za miaka mingi zimeosha madini joto kwenye udongo wa miteremko, na chakula kinachoota hapo hakina ya kutosha. Tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni, haiwezi kutengeneza thairoksini bila madini joto. Ubongo ukiona thairoksini imepungua, tezi ya pituitari inatuma homoni ya kuichochea thairoidi. Homoni hiyo inashika kipokezi, protini ya G inawaka, saikliki AMP inapanda, na seli zinaambiwa: nasa madini joto zaidi, ongezekeni. Zinaongezeka. Madini joto hayaji, thairoksini haipandi, amri haikomi. Shingo inavimba mwaka hadi mwaka. Vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika maeneo yaliyoathirika, kisha miaka ya 1990 chumvi yenye madini joto ikasambazwa, na rovu kwa watoto likapungua sana. Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa hivyo, ifunike, isikae wazi kwenye joto na unyevu. Mama mjamzito asiikose kabisa, kwani ubongo wa mtoto tumboni unategemea thairoksini.

Rovu la zamani lenye mabonge ni suala jingine. Baadhi ya seli zake huwa zimepata mabadiliko ya jeni yanayokiacha kipokezi kimewaka hata bila homoni ya pituitari, na zikipata madini joto hutengeneza thairoksini bila kipimo. Bibi au babu mwenye rovu la miaka mingi akianza kukonda, kutetemeka mikono, moyo kwenda mbio, na kusikia joto wakati nyumba nzima imejifunika mablanketi, apelekwe hospitali akapimwe homoni. Dawa zipo. Na chumvi yenye madini joto iendelee kutumika jikoni kwa ajili ya watoto na wajukuu, huku yeye akifuata ushauri wa daktari wake.